Pistole ya kulinda nyumba: karatasi, chuma, na mkono unaoishika

Kila mara watu wenye silaha wanapoingia usiku kwenye lupango moja ya Kalemie, asubuhi yake mazungumzo ni yale yale: sokoni, kwenye ufuko ambako mitumbwi inashusha ndakala, hata nje ya kanisa watu wakisubiri misa ya pili. "Bao beko na bunduki, siye tunabaki mikono mitupu?" Na nyuma ya swali hilo linakuja lingine, la sauti ya chini: ni pistole gani iko muzuri, yenye haikatalaka, na ya bei ya kiasi?

Wakubwa wengi wakisikia hivyo wanakemea na kuondoka. Kukemea hakumsaidii mwenye duka aliyeporwa mara mbili. Yule hatafuti vita, anatafuta usingizi. Basi swali lake lijibiwe kama lingekuwa la pikipiki: inafaa kazi gani, inamfaa nani, itakula pesa ngapi baada ya kununuliwa, na karatasi zake ziko wapi? Kwa pikipiki, watu wa Kalemie wanajua kuuliza hayo yote. Kwa pistole wanauliza bei tu.

Karatasi inatangulia chuma

Sheria ya Kongo kuhusu silaha na masasi ni ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ni ya wakati wa Zaire, imezeeka, lakini haijafa. Msingi wake ni mwepesi kuelewa: silaha ya moto haishikwi na raia bila ruhusa ya leta. Si kuibeba tu barabarani. Kuiweka ndani ya kabati, kuiuza, kuiingiza nchini, kuitengeneza, vyote vinahitaji ruhusa. Sheria inatenga silaha za vita upande mmoja, na upande mwingine silaha kama za kuwinda, za michezo na za kujilinda. Kwa zile za upande wa pili raia anaweza kuomba. Silaha ya vita si ya raia, na hakuna ofisi ya kumwandikia karatasi yake.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Pistole inayopita chini ya meza mara nyingi imetoka kwa mtu wa jeshi au wa polisi, au imetoka kwa kundi lenye silaha. Muuzaji atasema ni ya zamani, ilikuwa ya komanda fulani aliyestaafu, haina shida. Shida ndiyo hiyo hiyo. Silaha aliyopewa askari ni mali ya leta, na komanda akistaafu haiwi yake wala ya shemeji yake. Raia akikamatwa nayo, faili lake haliendi kwenye tribinali ya kawaida. Linaenda kwa oditora ya jeshi, hata kama mtu huyo hajavaa kombati hata siku moja maishani mwake. Sheria za jeshi za Novemba 2002 ndizo zinazompeleka huko, na adhabu zake zinahesabiwa kwa miaka mingi ya gereza. Tena Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo lililokuwepo tangu 2003, na ujambazi wa mijini unaoua watu ni moja ya makosa yaliyotajwa. Mwenye duka atasema yeye si jambazi. Kweli. Lakini anayempata usiku na pistole isiyo na karatasi hatakuwa na njia ya kujua.

Anayetaka kuomba kwa njia halali aanze na avoka, kisha ofisi za leta zinazoshughulikia mambo ya ndani ya provensi. Asianze na polisi mmoja anayejuana na jirani. Karatasi ya kweli inaunganisha mtu na chuma: jina lake upande mmoja, aina na namba ya silaha upande mwingine. Permi inayouzwa tayari imejazwa, ikisubiri tu jina liandikwe kwa bik, ni karatasi ya kufungia karanga.

Angalia pia mbele ya benki au depo kubwa. Sentineli wa kampuni ya ulinzi ana rungu na filimbi. Mwenye bunduki pembeni yake ni polisi wa taifa. Si kwamba kampuni zimekosa pesa ya kununua silaha. Kwa Kongo, walinzi wa kampuni za binafsi hawaruhusiwi kubeba silaha za moto. Kama kampuni nzima yenye ofisi na avoka haipewi, mtu ajiulize ombi lake lina uzito gani.

Kuzuia bunduki kwenye ziwa hili si jambo la jana. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza silaha mpya za moto katika eneo kubwa la Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, na Tanganyika yote iko katikati. Mji wenyewe, ulioitwa Albertville zamani, ulizaliwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890 kama ngome ya Kapteni Jacques dhidi ya watu wa Rumaliza waliokuwa wakitafuta watumwa. Mkataba ule ulibana bunduki za kisasa lakini uliacha mlango kwa magobore ya kumimina baruti. Ndiyo maana gobore lilibaki vijijini miaka mingi baadaye, na mafundi wakajifunza kulitengeneza.

Chuma chenyewe

Sasa tuseme mtu ana haki yake, ruhusa imetoka, anaruhusiwa kuchagua. Achague nini?

Kuna aina mbili kubwa. Revolva ina ngoma inayozunguka yenye vyumba 5 au 6. Lisasi likikataa, unavuta tena kifyatulio na ngoma inaleta lingine. Vipande vyake ni vichache, inavumilia kukaa miezi ndani ya sanduku, na mtu anaweza kufungua ngoma akaona kwa macho kama iko tupu. Ubaya wake ni kifyatulio kizito, masasi machache, na kujaza kwa polepole. Pistole ya magazini inafanya kazi tofauti. Inatumia nguvu ya lisasi lenyewe kusukuma sehemu ya juu nyuma, kutupa ganda tupu na kuingiza lisasi lingine. Inabeba mengi, kifyatulio chake ni chepesi zaidi, lakini kila hatua ya safari hiyo ni mahali pa kukwama: midomo ya magazini ikipinda, springi ikichoka, mchanga ukiingia, lisasi likiwa limekaa kwenye unyevu wa ziwa. Hata mkono mlegevu unaikwamisha, kwa sababu pistole ikirudi nyuma pamoja na mkono haipati nguvu ya kumaliza safari yake.

Kuna pistole zinazotajwa sana katika hadithi za watu. Jina la FN linajulikana Kongo tangu ukoloni: kiwanda cha Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, ndicho kilichotoa Browning GP mwaka 1935, iliyoanzwa na Mmarekani John Browning na kumaliziwa na Mbelgiji Dieudonné Saive. Inabeba masasi 13 na ina uzito unaokaribia kilo moja. Tokarev ya Urusi ya miaka ya 1930, pamoja na nakala yake ya Kichina inayoitwa Type 54, ni bapa na imara, lakini ile ya asili haina kifungo cha usalama cha kidole. Ikiwa na lisasi ndani kisha ikaanguka kwenye sakafu ya simenti, inaweza kulia yenyewe. Kwa nyumba yenye watoto hilo peke yake linatosha kuikataa. Makarov ya miaka ya 1950 ni ndogo, inabeba masasi 8. Glock 17 ya Austria, iliyotoka mwaka 1982, ina mwili wa plastiki ngumu, haifiki gramu 700 ikiwa tupu, na inabeba 17. Inasifiwa kwa kutokukwama, na sifa hiyo inastahili. Lakini nayo haina kifungo cha kidole upande wake. Usalama wake umewekwa ndani ya kifyatulio, maana yake kidole cha mtoto kikifika pale, kimefika. Hizi zote zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya majeshi au zikachukuliwa nayo. Hilo nalo lina maana mbele ya oditora.

Mtu akipewa pistole "nzuri na ya bei ya kiasi", aulize kwanza masasi yake. Browning na Glock 17 zinakula milimita 9 kwa 19, lisasi la Parabellum. Makarov inakula milimita 9 kwa 18. Mtaani zote mbili zinaitwa "tisa". Lakini ganda la Makarov ni fupi na lisasi lake ni pana kidogo kuliko la Parabellum, kwa hiyo moja halichukui nafasi ya lingine. Tokarev inakula kitu cha tatu kabisa, milimita 7.62 kwa 25. Pistole isiyo na masasi ya kufaa ni nyundo ya bei kali. Na masasi yanafuata sheria ile ile kama pistole: lisasi moja ndani ya droo bila ruhusa ni kesi.

Kisha mkono. Hapa wauzaji wanadanganya kuliko mahali pengine popote, na si Kongo tu. Mama mjane anaambiwa achukue pistole ndogo kwa sababu mkono wake ni mdogo. Kweli, kishikio kikiwa kikubwa mno kidole hakifiki vizuri kwenye kifyatulio, na anayevuta kwa ncha ya kidole anapotosha mdomo wa pistole pembeni. Lakini chuma kidogo kinapiga mkono kwa nguvu zaidi kuliko chuma kizito, kwa lisasi lile lile. Kile kijipistole cha mfukoni ndicho kigumu kuliko vyote kulenga nacho, na ndicho kinachomfanya mtu aogope baada ya risasi ya kwanza. Kipimo ni hiki: pistole ikiwa tupu na imehakikishwa kuwa tupu, je, mdomo wake unanyooka sawa na mfupa wa mkono bila kukunja kiganja? Je, mtu anaweza kuvuta sehemu ya juu nyuma mpaka mwisho kwa nguvu zake mwenyewe? Anaona alama ya kulengea? Baba wa miaka 60 anayesoma Biblia kwa miwani hataiona alama hiyo usiku, na hakuna mwizi atakayemsubiri atafute miwani.

Kinachokula pesa baada ya kununua

Wanaofundisha kulenga kwa kazi yao wanarudia jambo moja: pistole ni silaha ngumu kuliko zote. Bunduki ndefu inashikwa kwa mikono miwili na bega. Pistole inaning'inia mwisho wa mikono, na mtetemo mdogo wa kidole unapeleka lisasi mita moja pembeni. Kuijua kunahitaji masasi mamia ya mazoezi kwanza, kisha mengine kila baada ya miezi michache, kwa sababu mkono unasahau. Nani atamfundisha mwenye duka wa Kalemie? Atafanyia mazoezi wapi? Akienda kulia milio mitatu porini upande wa Lukuga, nusu saa baadaye askari wamefika, na vijiji viwili vimeshaanza kufunga mizigo. Huu ni mji ambao watu wake wameshakimbia kwa ajili ya milio michache kuliko hiyo.

Baada ya mazoezi kuna mahali pa kuiweka. Chini ya mto wa kulalia si mahali. Inahitaji sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni, masasi yakae mbali nayo. Hapo mtu anakutana na fumbo ambalo hakuna bei inayolifungua. Ikiwa imefungwa vizuri, usiku haifikiki kwa haraka. Ikiwa inafikika kwa haraka, na mtoto wa miaka 6 anaifikia.

Usiku wenyewe

Mwaka 1983 polisi wa Salt Lake City, Marekani, jina lake Dennis Tueller, aliandika jinsi alivyopima muda: mtu mwenye kisu akianza kukimbia toka mita 6 hivi anakufikia kwa sekunde moja na nusu. Hiyo ni kwa polisi aliyesimama, macho wazi, pistole kiunoni. Nyumba nyingi za Kalemie hazina mita 6 toka mlango mpaka kitanda. Mtu aliye usingizini, gizani, umeme wa Bendera umekatika, watoto wanalia, hana hata hiyo sekunde. Na wanaokuja hawaji mmoja. Mara nyingi wanakuja wengi, wanajua nani anauza nini, na mmoja wao anaweza kuwa na bunduki ndefu.

Halafu kuta. Lisasi la milimita 9 linatoka na mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, na likirushwa juu linaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Mlango wa mbao haulizuii, wala bati. Matofali mabichi ya ukuta uliochakaa si ngao ya kutegemea. Kwa kartie ambako malango ya lupango tatu yanatazamana, anayelenga kivuli mlangoni analenga pia chumba cha jirani.

Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha, kwenye jarida la New England Journal of Medicine, uchunguzi wa mauaji yaliyotokea majumbani katika wilaya tatu za Marekani. Nyumba iliyokuwa na bunduki ilikuwa na hatari ya mtu kuuawa ndani yake karibu mara 2.7 kuliko ile isiyokuwa nayo, na wengi waliuawa na mtu wa familia au wanayemjua. Wapo walioibisha hesabu hiyo mpaka leo, na Memphis si Kalemie. Hata hivyo kila mtu hapa anajua nyumba moja ambako mume na mke wanagombana mpaka majirani wanaamka. Aiweke pistole katikati ya ugomvi ule kwa mawazo tu, aone.

Na kuna jambo ambalo linajulikana kila mahali silaha ni ghali na ngumu kupata: pistole ni mali ya kuibiwa. Habari kwamba "yule baba iko na chuma" haikai siri wiki mbili. Mpishi anajua, kijana wa duka anajua. Wezi waliokuwa wanakuja kwa ajili ya pesa sasa wana sababu ya pili, na safari hii wanaingia wakiwa wameamua kupiga kwanza.

Kalibre 12 ya muwindaji

Silaha ambayo raia wa Tanganyika anakutana nayo zaidi si pistole. Ni kalibre 12, bunduki ya kuwinda. Nayo ina karatasi zake mbili: ruhusa ya silaha, na permi ya kuwinda inayotokana na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Watu wanachanganya hizo mbili. Kuwa na bunduki kihalali hakumpi mtu ruhusa ya kuua nyama yoyote siku yoyote.

Iliyotengenezwa kiwandani, ya mdomo mmoja, inayovunjika katikati ili kuweka lisasi, ni chuma cha kuaminika: vipande vichache, hakuna magazini, na inaonekana wazi kama iko tupu. Ile ya fundi wa kijijini ni jambo lingine. Mdomo wake ni bomba ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya moto wa lisasi la kisasa, na siku moja linapasuka karibu na macho ya mwenye kuishika. Madaktari wa provensi hii hawahitaji kuelezwa mikono ya namna hiyo. Bei yake ndogo ndiyo inayovuta wateja, na ndiyo ghali kuliko zote.

Kati ya 2016 na 2017, Watwa na Waluba walipopigana Nyunzu, Manono na pembeni ya Kalemie, mishale ndiyo iliyofanya kazi nyingi, na kalibre 12 ziliongezeka katikati yake. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakajenga vibanda vya majani kandokando ya mji huu. Kila upande ulisema unajilinda. Kijiji kikisikia jirani wamepata bunduki moja, kilitafuta mbili.

Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 2000, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilipita kaskazini mwa Katanga likiwapa baiskeli waliorudisha bunduki. Wapo waliocheka, lakini kwa mkulima hesabu haikuwa ya kucheka. Baiskeli inapeleka mihogo na makala mpaka sokoni na kurudi na chumvi na sabuni. Bunduki ile ile ndani ya nyasi za paa inamlisha nani?

Pesa iende wapi

Kwa mwenye duka wa mwanzo, kitu kinachowaleta wezi ni noti. Pesa ya mauzo ya siku ikilala nyumbani, pistole inalinda sanduku ambalo lisingepaswa kuwepo. Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, na Airtel na Orange nazo zina huduma zao. Kuweka franga kwenye simu kabla ya giza kuna makato yake, na makato yanauma. Yanauma kidogo kuliko uporaji mmoja. Na kijana wa duka aone kwa macho yake kwamba pesa inaondoka, kwa sababu anachokiona yeye ndicho kitakachosikika kartie.

Mlango ni wa pili. Wezi wengi wanapita penye udhaifu: bawaba za nje, dirisha la nyuma la jikoni, bati la paa lisilofungwa. Komeo la chuma la ndani, linalovuka mlango mzima na kuingia ukutani pande zote mbili, fundi wa kuchomelea analitengeneza kwa siku moja. Linanunua dakika tano, na dakika tano za kelele ni nyingi. Taa ya sola ya nje, iwekwe juu mkono usikofika, inafanya kazi Bendera ikiwaka au isiwake. Mbwa mwenye kubweka kuliko mwenye kung'ata.

Kisha majirani, maana filimbi moja haina nguvu kama hakuna anayeijibu. Kartie zilizopangana ishara, nani anapiga simu kwa polisi, nani anapiga sufuria, nani anawasha taa, zinawapa wezi usiku mbaya bila mtu kutoka nje kupambana. Lakini mpango huo ukae hapo hapo kwenye kelele na simu. Vijana wakianza kupewa silaha na kupiga doria, wameshavuka mstari: kifungu cha 190 cha katiba kinakataza mtu yeyote kuunda kikosi cha binafsi au kuweka vijana wenye silaha, na kinakiita uhaini mkubwa.

Kwa biashara kubwa kweli, depo ya simenti au duka la jumla linaloingiza mizigo toka Kigoma, njia iliyopo ni kuomba polisi wa taifa kwa barua, kupitia uongozi wao, malipo yakiandikwa. Si kumpa polisi mmoja bahasha kila jioni. Huyo wa bahasha siku akihamishwa anaondoka na ramani yote ya nyumba.

Anayekuta silaha kabatini

Wapo wasiotafuta kununua. Baba amekufa, na watoto wakifungua sanduku lake wanakuta pistole iliyofungwa kwa kitambaa, au kalibre 12 juu ya dari. Ruhusa ya marehemu, kama ilikuwepo, ilikuwa kwa jina lake. Wanaogopa kuisema, wanaiacha pale, na miaka inapita mpaka mjukuu anaifikia.

Asiyeijua asijaribu kuitoa masasi. Chumba kifungwe, watoto watolewe. Mmoja wa familia aende bila silaha kwa avoka, au pamoja na shefu wa kartie kwenye komisaria, aeleze, na polisi ndio waje kuichukua. Kuibeba mwenyewe mpaka komisaria ndani ya mfuko wa unga, hata kwa nia njema, ni kutembea na silaha barabarani bila karatasi, na kizuizi cha kwanza hakitauliza nia. Ikichukuliwa, familia iombe karatasi ya kupokelewa: aina ya silaha, namba iliyochongwa kwenye chuma, tarehe, jina la aliyepokea na muhuri. Nakala moja ibaki kwa avoka. Na masasi yaliyobaki ndani ya kopo la maziwa nyuma ya kabati yatafutwe na kutajwa siku ile ile, yahesabiwe pamoja nayo.